Kulijaribu Jambo Katika Shamba Lako Mwenyewe

Mazungumzo yetu ya leo ni juu ya jambo lililo jepesi kulitaja na gumu kulitenda, nalo ni kulijaribu shauri la kilimo katika shamba lako mwenyewe kabla ya kuliamini.

Mkulima husikia mashauri mengi. Huyu humwambia aufunike udongo kwa majani makavu. Yule humwambia apande kunde kati ya mahindi. Mwingine humwambia aache kunyunyiza dawa, bali apande majani fulani kandokando ya shamba, na wadudu watakwenda zao. Yote hayo husifiwa kwamba huiponya ardhi, wala hayatii sumu katika maji ya kunywa. Huenda ni kweli. Lakini mkulima hali maneno, hula mahindi. Akiligeuza shamba lake zima kwa ajili ya neno alilolisikia, na neno lile lisifae mahali pake, watakaolala na njaa ni watoto wake, si watoto wa yule aliyemshauri. Tena akikataa kila neno jipya, huenda akazidi kuvuna magunia mawili mahali ambapo jirani yake avuna matano. Basi kati ya kukubali upesi na kukataa upesi iko njia ya tatu, nayo ni kujaribu.

HASARA YA KUTOJARIBU

Kwanza tutazame mfano wa watu wakubwa, wenye fedha nyingi, walioanza bila kujaribu. Mwaka 1946 yalitolewa mashauri huko Uingereza ya kulima karanga katika Afrika ya Mashariki, maana baada ya Vita Kuu ya Pili mafuta ya kula yalikuwa haba sana Ulaya. Walinuia kufyeka eka zaidi ya milioni 3, na sehemu kubwa ya eka hizo ilikuwa katika Tanganyika. Wataalamu walikuja kuitazama nchi kwa wiki chache tu, wakarudi na kuandika taarifa yao. Mwaka 1947 matrekta yakaanza kung'oa miti huko Kongwa, katika nchi ya Wagogo.

Hapakuwa na mashamba madogo ya majaribio yaliyolimwa miaka kadhaa mahali pale, wala wenyeji hawakuulizwa vya kutosha, ingawa Wagogo wajua tangu zamani kwamba mvua ya nchi yao haina ahadi. Basi yaliyotokea ni haya. Udongo wa Kongwa, ulio na mfinyanzi mwingi, ulipochomwa na jua baada ya mvua uligeuka mgumu kama sakafu, hata karanga zikawa hazing'oleki. Mchanga wake mkali uliyala majembe ya matrekta. Mvua nayo haikunyesha kama ilivyohesabiwa katika karatasi. Mwanzoni mwa mwaka 1951 mpango ule uliachwa, na fedha zipatazo pauni milioni 36 zikawa zimepotea.

Mfano wa pili si wa fedha bali ni wa watu. Katika milima ya Uluguru, baada ya mwaka 1950, wakulima waliamriwa kukata matuta ya ngazi ili kuzuia mmomonyoko wa udongo. Nia ya kuuhifadhi udongo ni njema, wala hapana mwenye akili aipingaye. Lakini ngazi ambazo hufaa katika mlima mmoja huenda zisifae katika mlima mwingine. Katika sehemu nyingi za Uluguru udongo wenye rutuba ni tabaka jembamba, na kuchimba ngazi kulilifunika tabaka hilo na kuufunua udongo dhaifu wa chini. Watu walifanya kazi kubwa, wakavuna kidogo kuliko zamani. Mwaka 1955 palitokea machafuko, na amri ile ikaondolewa.

Katika mambo hayo mawili jembe halikuwa na kosa, wala elimu haikuwa na kosa. Kosa lilikuwa ni kulichukua jambo la mahali pengine na kulitandaza juu ya nchi nzima, pasipo kuliuliza kwanza shamba lenyewe.

SHAMBA LILILOULIZWA MIAKA MINGI

Sasa tutazame kinyume chake. Mahali paitwapo Rothamsted, katika Uingereza, mwenye shamba mmoja jina lake John Bennet Lawes, pamoja na mwenzake Joseph Henry Gilbert aliyekuwa bingwa wa kemia, walianza mwaka 1843 kulijaribu shamba moja la ngano liitwalo Broadbalk. Walitaka kujua ni mbolea ipi iliyo bora. Wakaligawa shamba kwa vipande virefu vyembamba: kipande hiki kikatiwa samadi, kile kikatiwa mbolea za madini za namna hii au namna ile, na kipande kimoja kikaachwa bila kutiwa mbolea yoyote.

Jaribio hilo linaendelea mpaka leo, na kile kipande kisichotiwa kitu kingali kikipandwa ngano na kuvunwa na kupimwa. Huenda mtu akauliza, Je, yafaa nini kupanda mahali usipotia mbolea, hali ujua ya kuwa utavuna kidogo? Jibu ni kwamba kipande hicho ndicho kipimo cha vingine vyote. Mvua ikinyesha vizuri, ngano husitawi pote, na mwenye kutia mbolea huenda akadhani kwamba mbolea yake ndiyo iliyofanya kazi. Lakini akikitazama kile kipande kisichotiwa kitu, ataona sawasawa ni kiasi gani kililetwa na mvua na kiasi gani kililetwa na mbolea. Mtu asiyeacha kipande cha kulinganisha hakujaribu neno lolote, amebahatisha tu.

Mwaka 1919 alifika pale Rothamsted bingwa wa hesabu, jina lake Ronald Fisher. Yeye aliongeza mafundisho mawili ambayo wajaribuo mashamba huyafuata duniani kote. La kwanza, jaribio lirudiwe katika vipande vingi, maana udongo hata wa shamba moja haulingani. La pili, kura ndiyo iamue ni kipande kipi kitakachotendewa jambo jipya, si macho ya mwenye shamba. Kwani mtu alipendaye jambo lake hulipa kipande kizuri bila kujua.

MAADUI WAWILI WA MAHINDI

Mabibi na mabwana, mambo hayo ya Rothamsted hayakubaki Ulaya. Tutawaeleza sasa jinsi yalivyotumiwa kando ya Ziwa la Viktoria, juu ya maadui wawili ambao wengi wenu mwawajua.

Adui wa kwanza ni bungua wa mahindi. Nondo hutaga mayai juu ya mahindi machanga wakati wa usiku. Mayai yakianguliwa hutoka viwavi, nao hula majani kwanza, kisha hutoboa bua na kuingia ndani. Akisha kuingia, dawa ya kunyunyiza haimpati tena, maana amejifungia nyumbani mwake. Katika Afrika ya Mashariki wako hasa wa namna mbili: mmoja ni mzaliwa wa Afrika, na mwingine alikuja kutoka Asia.

Adui wa pili ni kiduha, ambacho Waluo hukiita kayongo. Kiduha ni gugu zuri kwa macho, lenye maua ya zambarau, lakini ni mwizi. Mizizi yake hushikamana na mizizi ya mahindi, mtama au wimbi, ikanyonya maji na chakula, na mmea ulionyonywa hudumaa na kugeuka manjano. Hasara kubwa hufanyika chini ya ardhi, kabla mkulima hajaliona ua. Mbegu zake ni ndogo kama vumbi. Mmea mmoja waweza kutoa makumi ya maelfu, nazo hukaa udongoni zaidi ya miaka kumi zikingoja. Haziamki mpaka zinuse dalili ya mzizi wa nafaka karibu nazo. Ndiyo maana mtu alimaye mahindi kila mwaka mahali pale pale, pasipo kuupumzisha wala kuurutubisha udongo, humwandalia kiduha karamu.

NJIA YA SUKUMA NA VUTA

Mwaka 1970 Profesa Thomas Odhiambo alianzisha katika Nairobi chuo cha kuchunguza wadudu kiitwacho ICIPE, na baadaye pakajengwa kituo chake huko Mbita, ukingoni mwa ziwa. Katika miaka ya 1990 watafiti wa hapo, wakiongozwa na Dakta Zeyaur Khan, walishirikiana na wenzao wa Kenya na wa Rothamsted, ambao mmoja wao alikuwa Profesa John Pickett. Walipanda namna mamia ya majani, wakatazama ni yapi ambayo nondo wa bungua huyapenda kuliko mahindi, na ni yapi ambayo huyachukia.

Waliona mambo mawili. Nepia, ambayo wengine huiita mabingobingo, huwavuta nondo. Jike huja kutaga juu yake kwa furaha. Lakini viwavi wakianza kuutoboa mmea, mmea hutoa utomvu wenye kunata, na wengi wao hufa humo. Kwa hiyo nepia ni mtego. Na mmea uitwao desmodiamu, ambao ni jamii ya kunde na asili yake ni Amerika, hutoa harufu iwachukizayo nondo. Basi ukipanda desmodiamu kati ya mistari ya mahindi, na nepia kuzunguka shamba lote, nondo husukumwa kutoka ndani na kuvutwa nje. Ndiyo maana njia hii huitwa sukuma na vuta.

Lakini palitokea jambo ambalo hawakulitafuta. Udongo wa Mbita una kiduha kingi. Katika vipande vilivyopandwa desmodiamu kwa ajili ya bungua, kiduha kilikaribia kutoweka. Wakauchunguza mmea, wakaona kwamba mizizi yake hutoa dawa mbalimbali katika udongo: moja huziamsha mbegu za kiduha, na nyingine huuzuia mzizi wake mchanga usikue wala usiushike mzizi wa mahindi. Mbegu huamshwa, kisha hufa njaa. Hivyo akiba ya mbegu iliyo udongoni hupungua msimu baada ya msimu. Juu ya hayo, desmodiamu hutia rutuba kama zifanyavyo kunde nyingine, na majani yake hufunika udongo usichukuliwe na maji.

KITUO SI KIJIJI

Wangeweza kutangaza habari hiyo mara moja na kuwaamuru watu kupanda. Hawakufanya hivyo. Katika kituo pana vibarua wa kupalilia kwa wakati, pana ua wa kuzuia ng'ombe, na pana mtu wa kuandika kila siku. Katika shamba la mwanakijiji mama hupalilia baada ya kuchota maji, na mbuzi wa jirani hupita apendapo. Jambo lililofaulu kituoni lilikuwa bado halijaulizwa kijijini.

Kwa hiyo tangu mwaka 1997 majaribio yalihamishiwa mashambani mwa wakulima wenyewe, huko Trans Nzoia na Suba. Mkulima aliacha sehemu ya mahindi yake kama desturi, na sehemu nyingine akaipanda kwa njia mpya, kisha mavuno ya pande mbili yakalinganishwa. Mahali palipokuwa na kiduha, taarifa za watafiti hueleza mashamba yaliyokuwa yakitoa kama tani 1 ya mahindi kwa hektari, nayo yakafika tani 3 na nusu. Hata sasa wakulima zaidi ya laki moja wameishika njia hiyo.

Lakini jambo lenye mafundisho zaidi ni yale waliyojifunza watafiti kwa wakulima. Watafiti walimtazama nondo, na wakulima wengi walitazama kiduha na malisho ya ng'ombe. Mwenye ng'ombe wa maziwa aliipenda nepia kwa kuwa ni chakula cha kukata kila siku. Akina mama waliuliza, Je, tutapanda wapi maharagwe? Jaribio jingine likafanywa, ikaonekana kwamba maharagwe yaweza kupandwa pamoja na mahindi katika mstari ule ule, wala sukuma na vuta haiharibiki. Halafu ugonjwa ukaingia katika nepia ya Kenya ya Magharibi, ukaidumaza. Na mahali pa ukame desmodiamu ya kwanza ilinyauka. Kwa ajili hiyo zikatafutwa namna nyingine zivumiliazo jua: desmodiamu ya majani mabichi, na majani ya brakiaria badala ya nepia.

Tena mwaka 2016 mdudu mwingine, kiwavijeshi vamizi atokaye Amerika, alionekana Afrika ya Magharibi kwa mara ya kwanza, na mwaka uliofuata akawa ameenea Kenya na nchi jirani. Wakulima wenye sukuma na vuta ndio waliosema kwamba mashamba yao hayakuliwa kama ya jirani. Watafiti wakaenda kupima katika Kenya, Uganda na Tanzania, na taarifa yao ya mwaka 2018 ikaonyesha kwamba viwavi wale walipungua kwa zaidi ya asilimia 80. Basi mwaona kwamba jaribio la shambani ni mazungumzo, kila upande ukimfundisha mwenziwe.

JINSI YA KUJARIBU WEWE MWENYEWE

Haikulazimu kungoja mtafiti. Mtu yeyote ajuaye kuhesabu na kuandika aweza kujaribu. Tuseme wataka kujua kama kufunika udongo kwa matandazo ya majani makavu kutakuongezea mahindi. Fuata mambo haya sita.

Kwanza, uliza swali moja tu. Ukitia matandazo, na mbegu mpya, na samadi, vyote katika kipande kimoja, na mavuno yakaongezeka, hutajua ni kipi kilichokusaidia. Badili kitu kimoja. Mengine yote yawe sawa: mbegu moja, siku moja ya kupanda, nafasi moja, na palizi moja.

Pili, pima vipande viwili vilivyo pacha, vikiwa karibu karibu, kila kimoja meta 12 kwa meta 12. Visiwe kimoja bondeni na kimoja mlimani, wala kimoja chini ya mwembe na kimoja juani. Mahali palipokuwa zizi au jaa zamani pasitumiwe, maana pana rutuba yake yenyewe.

Tatu, rudia. Fanya jozi nne za namna hiyo ukiweza, mahali mbalimbali pa shamba, au wewe na majirani watatu, kila mtu jozi moja. Katika kila jozi rusha sarafu, nayo ndiyo iamue ni kipande kipi kitakachopata matandazo.

Nne, andika. Wahenga walisema, Mali bila daftari hupotea bila habari. Andika siku ya kupanda, siku ya mvua, siku uliyopalilia na muda uliotumia, wadudu uliowaona, na kila jambo lisilo la kawaida. Usitegemee kukumbuka, moyo hukumbuka yale uyapendayo.

Tano, vuna kwa haki. Acha ukingo wa meta 1 kila upande, kwa kuwa mahindi ya ukingoni hupata jua na nafasi kuliko ya ndani. Yatakayobaki ni meta 10 kwa meta 10. Kausha mavuno ya kila kipande mbalimbali, yapukuchue, uyapime kwa mizani ile ile siku ile ile. Mahindi mabichi huwa mazito kwa ajili ya maji, nayo hudanganya.

Sita, rudia tena msimu wa pili. Mwaka wa mvua nyingi na mwaka wa ukame si ndugu.

HESABU YA MFANO

Tuchukue mfano wa kujifunzia, ambao si habari ya shamba fulani. Katika jozi ya kwanza, kipande kisicho na matandazo kimetoa kilo 14, na chenye matandazo kilo 17. Katika ya pili, 11 na 15. Katika ya tatu, 16 na 15. Katika ya nne, 12 na 16. Jumla ya vipande visivyo na matandazo ni kilo 53, na jumla ya vyenye matandazo ni kilo 63. Gawanya kwa nne: 13.25 na 15.75. Tofauti ni kilo 2 na nusu katika meta 10 kwa meta 10. Katika hektari moja mna vipande 100 vya kadiri hiyo, basi ni kilo 250; na katika eka moja mna vipande 40 na kidogo, basi ni kama kilo 100, yaani gunia moja.

Je, umeshinda? Ngoja kwanza. Jozi ya tatu imekwenda kinyume. Lifungue daftari. Labda umeandika kwamba mchwa waliingia katika matandazo ya kipande kile, wakala na mabua. Hilo si jambo la kulificha. Ni habari yenye thamani, kwa kuwa yakuambia mahali ambapo matandazo yaweza kuleta hasara. Tena kumbuka hili: ukirusha sarafu mara nne, si ajabu ikaanguka upande mmoja mara tatu. Vivyo hivyo kushinda katika jozi tatu kati ya nne ni dalili njema, lakini bado si ushahidi. Msimu wa pili ukishinda tena katika jozi tatu au zote nne, imani yako itakuwa na miguu.

Mwisho wa hesabu, jiulize gharama. Gunia moja zaidi kwa eka ni jema. Lakini ikiwa kukata na kubeba majani kumekuchukua siku kumi, na majani yale yangaliliwa na ng'ombe wako, huenda gunia lile umelinunua ghali. Jambo liihifadhilo ardhi lakini limchoshalo mkulima halitadumu miaka mitatu.

UKITAKA KUJARIBU SUKUMA NA VUTA

Jaribio hili lahitaji mahali pakubwa kuliko la matandazo, maana nondo huruka na harufu husafiri. Shamba la kujaribia na lile la kulinganisha yatenganishwe kwa nafasi ya kutosha, wala yasigusane. Shamba la kujaribia lisizidi meta 50 kwa meta 50. Kulizunguka panda mistari mitatu ya nepia au brakiaria. Mistari ya nepia iachane sentimeta 75, na shina kwa shina sentimeta 50. Mahindi yapandwe ndani kama desturi, mstari kwa mstari sentimeta 75. Kati ya mistari hiyo chora mfereji usiozidi sentimeta 2 kwenda chini, unyunyize mbegu za desmodiamu zilizochanganywa na mchanga mkavu, kwa kuwa ni ndogo sana. Kilo 1 ya mbegu hutosha hektari moja.

Yapasa kuwaambia na magumu yake. Mwaka wa kwanza kazi ni nyingi. Desmodiamu huchipuka taratibu, nayo ikiwa changa yafanana na magugu; apaliliaye kwa haraka huing'oa. Palilia katika wiki ya tatu na tena katika wiki ya tano, ukiitunza kwa mikono. Mbegu si rahisi kupatikana kila mahali, nayo ina bei. Mahali ambapo mifugo huachwa huru baada ya mavuno, shamba lisilo na ua litaliwa lote. Na mtu aliyekodi shamba kwa msimu mmoja hatafaidi, maana mimea hiyo huishi miaka mingi, na faida yake huonekana zaidi kuanzia msimu wa pili. Kwa hiyo anza na pembe moja ya shamba. Ikishindwa, umepoteza pembe. Ikifaulu, umepata mbegu, malisho na maarifa ya kuendelea nayo.

MANENO YA MWISHO

Kuna wasemao kwamba kujaribu ni kazi ya wasomi. Sivyo. Wamatengo wa Umatengo, kusini ya Tanzania, wamelima kwa mashimo yaitwayo ngoro tangu zamani, mashimo yanayokamata maji ya mvua na kuozesha majani yaliyofukiwa, nayo yaihifadhi milima yao mikali mpaka leo. Hapana chuo kilichowafundisha. Wazee wao walijaribu, wakatazama, wakashika lililofaa. Kilichoongezwa na elimu ya leo ni kipande cha kulinganisha, kura, mizani na daftari, ili kwamba yale yaliyowachukua wazee miaka mingi kuyajua, sisi tuyajue kwa misimu michache.

Enyi wanafunzi, katika bustani ya shule mnaweza kuanza msimu huu. Nanyi wazee, wapeni watoto wenu hatua kumi za shamba na daftari moja. Siku ya mavuno waiteni majirani waje kuona mizani kwa macho yao. Mkisha kupima, semeni kweli, likiwa limefaulu au limeshindwa; maana jirani atakayelima kwa habari yenu ana watoto kama ninyi.

MASWALI

1. Kwa nini kipande kimoja cha Broadbalk hakitiwi mbolea?
2. Desmodiamu hukitenda nini kiduha chini ya ardhi?
3. Katika mfano wa matandazo, jozi ya tatu ilikwenda kinyume. Eleza kwa nini haifai kuiacha nje ya hesabu.
4. Taja shauri moja la kilimo linalosemwa kijijini kwenu, kisha eleza jinsi mtakavyolijaribu: ni kitu kipi mtakachobadili, na ni vitu vipi vitakavyobaki sawa.